Chuma Kisichotaka Majivu

Nondo ile ilikuwa imekatika bila kupinda hata kidogo. Hilo nililiona kabla sijamtazama vizuri mtu aliyeileta. Chuma cha kawaida kikielemewa hupinda kwanza, kinakupa nafasi ya kukimbia. Hiki kilikuwa kimeachana vipande viwili, na mahali kilipoachania palikuwa na chembechembe zinazometa kama sukari. Nilipokigonga kwa nyundo ndogo hakikulia kama kengele. Kilitoa mlio mfupi na mkavu, kama chungu chenye ufa.

Aliyeileta alikuwa matroni wa hospitali moja ya misheni, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka karakana yangu, huku Mbulu. Ni mama wa makamo, mrefu, mzaliwa wa tambarare za Hanang kwenye familia ya wafugaji, na maneno huyatoa kwa uchoyo. Nilimwamkia, "Shikamoo matroni," akaitikia marahaba huku tayari ananyoosha kipande cha pili. Hospitali ilikuwa na tanuri la kuchomea taka, la msaada. Ndani yake kuna chanja ya nondo tano, nene kama kidole gumba changu, taka zinakaa juu na moto uko chini. Tuliziita nondo kwa kukosa jina jingine. Mbili zilikuwa zimekatika, za akiba hazikuwepo, na kule zilikotoka hakuna aliyejibu barua. Tangu siku hiyo sindano, bandeji na vya wodi ya wazazi vilikuwa vinatupwa kwenye shimo nyuma ya jengo. Mbwa waliingia humo. Mama anayefanya usafi alikuwa amekwisha kuchomwa na sindano mkononi.

"Unaweza?" akaniuliza.

"Naweza," nikasema. Nina ugonjwa huo wa kusema naweza kabla ya kuangalia.

Afadhali nieleze mimi ni nani, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mimi ni mwanamke, ni fundi wa kuchomelea, na karakana ni yangu. Watu wa Nambis hunijia kwa ajili ya mageti. Siku hizi wanataka geti lenye vichwa viwili vya simba, na mimi huwatengenezea simba wanaofanana na paka aliyenyimwa chakula, nao wanaondoka wameridhika kabisa. Watu wa Tumati huleta plau zilizopasuka, pamoja na hadithi ndefu za ng'ombe waliozipasua. Wote wananijua kama fundi wa chuo. Cheti changu kimetundikwa ukutani juu ya mashine, ndani ya fremu ya kioo. Sijawahi kusema uongo kuhusu cheti hicho, nimekiacha tu kiseme chenyewe.

Kisichosema ni kwamba baba yangu ni mhunzi, na babu yangu alikuwa mhunzi, na kwetu, chini ya mlima Hanang, uhunzi si kazi tu, ni ukoo. Wafugaji walikuja kwetu kuchukua mikuki, bangili na kengele za ng'ombe, kisha wakarudi kwao. Hawatuoi, wala sisi hatuwaoi. Maziwa ya nyumbani kwetu hawanywi. Hakuna anayetukana mtu. Ni mambo ya adabu kabisa, mtu anasimama hatua kadhaa kutoka mlangoni na mnaulizana habari za mvua. Wengine wamebatizwa siku hizi na tunakaa nao benchi moja kanisani, ila harusi ikitajwa kila mmoja anazikumbuka hatua zake. Nimekua nalo jambo hili na silii juu yake. Nilipohamia huku milimani kwa wakulima, ambao hayo hayawahusu sana, niliona rahisi zaidi kutolitaja.

Baba alikuwa na kitu kimoja ambacho hata wale wa hatua kadhaa hawakuweza kumnyima: chuma chake hakikatiki. Mkuki wake ukigonga jiwe ulipinda, ukanyooshwa, ukarudi kazini. Hata mtu ambaye asingekanyaga ndani kwetu alikubali hilo, na alilisema mbele ya watu. Wala haikuwa siri namna alivyofanya. Kila alichokiunganisha motoni alikizika kwenye majivu ya moto mpaka kesho yake, kipoe chenyewe, taratibu. "Ukikipoza haraka unakitisha," alikuwa akisema, "na chuma kilichotishwa kinavunjika." Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo mimi ndiye niliyevukuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na kazi ya kufukua majivu asubuhi ilikuwa yangu. Nilipenda sana kufukua. Baadaye chuoni tuliambiwa jambo lile lile kwa maneno marefu zaidi: chuma cha kaboni kikipoa haraka hukakamaa, kipoze polepole. Nilicheka moyoni. Nilijiona nimesafiri mpaka mjini kwenda kufundishwa nilichofundishwa nyumbani.

Kwa hiyo nondo za hospitali nilizitendea kwa heshima zote nilizozijua. Niligusisha sumaku, haikushika, nikajua ni ile jamii ya vyuma vya moto mkali, vyenye kromu na nikeli nyingi, vinavyokaa tanurini miaka bila kuliwa. Niliagiza rodi za kuchomelea za jamii hiyo hiyo kutoka Arusha. Nilichonga kingo kwa grainda mpaka zikatazamana kama paa la nyumba lililogeuzwa juu chini. Nilizipasha nondo kwanza, kama ninavyopasha plau. Nikajaza kila kiungo kwa mkupuo mmoja, tabaka juu ya tabaka, chuma kikiwa chekundu mwanzo hadi mwisho. Halafu nikaenda kwa jirani anayechoma matofali, nikachota majivu ya moto, nikajaza nusu pipa, nikazizika.

Asubuhi nilizifukua. Zilikuwa za kijivu safi na mishono imelala vizuri, mpaka nikamwita jirani aje atazame. Jirani alisema ni nzuri, ingawa yeye kazi yake ni matofali. Nikaenda kuzipanga tanurini kwa mkono wangu mwenyewe.

Zilidumu siku tatu.

Matroni alipiga simu. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. "Fundi, imekatika tena," akasema. "Na ile nyingine pia." Nilipofika niliona kwamba hazikukatika kwenye mishono yangu. Mishono ilikuwa mizima, ya kupigwa picha. Zilikatika pembeni yake, upana wa kidole kimoja, zote mbili mahali pale pale, na chembe zile za sukari zilikuwa zimeongezeka ukubwa. Matroni akauliza kama chuma chao ni kibovu. Nikamwambia kimechoka. Ilikuwa nusu ya kweli, na nusu niliyoibakiza ndiyo iliyonihusu mimi.

Nyuma ya jengo yule mama wa usafi alikuwa anasukumia taka shimoni kwa fimbo ndefu, mkono wake mwingine una plasta. Alinisalimia vizuri tu. Nilipopima nondo kwa kamba niliona kwamba nikikata na kuchonga tena, zitafupika mpaka zibaki zinashika ukingo wa tanuri kwa upana wa vidole viwili. Nafasi ilikuwa imebaki moja.

Nilimtumia picha mwalimu wangu wa zamani wa chuo. Alijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, na dakika ya kwanza yote alikuwa anacheka.

"Umezika kwenye majivu? Mwanangu, nani kakufundisha hayo?" Kisha akaacha kucheka, akaeleza vizuri, kama alivyokuwa akieleza darasani. Chuma hiki tabia yake ni kinyume. Kikikaa muda mrefu kwenye joto la kati, lile la wekundu hafifu, chembe ngumu hujijenga ndani yake, na kikipoa kinakuwa kama kioo. Tanurini kilikuwa kimekaa miaka kwenye joto hilo hilo, kwa hiyo kilifika kwangu tayari ni kigonjwa, na mimi nikakiongezea ugonjwa ule ule usiku mzima. Dawa yake ni kukipasha mpaka kifike rangi ya kiini cha yai la kienyeji, kikae hapo nusu saa ili chembe ziyeyuke zirudi ndani, halafu kizamishwe kwenye maji mara moja, kisipate muda wa kupita polepole kwenye ule wekundu. "Kitalainika," alisema. "Hutaamini, lakini kitalainika." Baada ya hapo nichomelee kwa umeme mdogo, mistari mifupi kama kidole, kila mstari nikiugongagonga kidogo kwa nyundo ukiwa bado moto ili usivute chuma cha pembeni unapopoa, kisha nisubiri mpaka niweze kuushika kwa mkono mtupu ndipo niweke mwingine. Nisipashe kabla. Nisizike kitu chochote.

"Sasa tanuri la kufikia joto hilo utalipata wapi huko kwenu, sijui," alimalizia.

Mimi nilijua. Lile swali lake la kwanza sikulijibu.

Nilikata mishono yangu mizuri, nikazifunga nondo kwenye gunia, nikapanda basi kwenda kwa baba. Nilimkuta chini ya kibanda chake cha nyasi ananoa shoka la mtu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Hayo tulisema kwa Kiswahili kwa sababu shule ilinizoesha hivyo. Yaliyofuata tuliyasema kwa lugha yetu, na ninayaandika hapa kama nilivyoyaelewa.

Alichukua kipande, akakipima uzito mkononi, akakigonga kwa ukucha.

"Hiki si chuma," akasema.

"Ni chuma, baba."

"Ulikipoza namna gani?"

"Kwenye majivu."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Na kikakatika?"

"Kikakatika."

Nikamweleza yote, rangi ya yai na nusu saa na chembe zinazoyeyuka. Nilipofika kwenye maji aliweka kile kipande chini.

"Nani kasema?"

"Mwalimu wangu."

"Huyo mwalimu amewahi kutengeneza mkuki?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akainuka, akaenda kuangalia mbuzi wake. Mbuzi walikuwa sita na hawakuwa na shida yoyote. Aliwaangalia mpaka mchana.

Mimi si mtu wa subira. Nilimwaga makaa, nikawasha moto mwenyewe, nikaanza kuvukuta. Nilikuwa nimepoteza ule mwendo wa mikono, mvukuto mmoja unawahi na mwingine unachelewa, moto unapanda na kushuka. Nadhani ni kelele zile zilizomrudisha, maana hawezi kuvumilia kazi inayofanywa vibaya masikioni mwake. "Unavukuta kama mtu anayefukuza nzi," akasema. Akaweka koleo vizuri, akachukua kipande kidogo kuliko vyote, baki la pale nilipokata, urefu wa shubiri moja, akakitia motoni. "Tuanze na hiki. Kikiharibika hatujapoteza."

Nilivukuta, yeye akatazama rangi. Wekundu wa damu, wekundu wa udongo, machungwa. Kisha kikafika ile rangi ya kiini cha yai, na nikamwonyesha saa kwenye simu yangu, nusu saa. Akaiangalia simu kwa dharau. Lakini macho hayakutoka kwenye moto. Chuma alichokizoea, ukikiweka kwenye joto hilo muda wote huo, kinatoa magamba na kuliwa mpaka unabaki na kijiti. Hiki kilikaa. Ngozi yake ilififia tu kidogo. Nikaona anasogea karibu, na mdomo wake umefunguka. Ni mtu aliyekuwa hajaona chuma kipya kwa miaka mingi.

Muda ulipofika alikitoa kwa koleo, akakishikilia juu ya ndoo. Hakukizamisha. Alinitazama mimi, nami niliogopa nikisema lolote atakirudisha kwenye majivu. Akakizamisha. Mvuke ulimpanda mpaka usoni na maji yakapiga kelele.

Kilipotulia alikiegemeza kati ya mawe mawili, akachukua nyundo kubwa. Hakupiga kama anayejaribu. Alipiga kama mtu anayetaka kivunjike, na ninasema bila kumlaumu kwamba alitaka hivyo kwa moyo wote. Kikapinda. Akapiga tena, kikapinda zaidi. Alipiga mpaka kikawa na mkunjo kama mpini wa jembe lililoegemezwa vibaya, akakiokota, akapitisha kidole gumba upande wa nje wa mkunjo akitafuta ufa. Alipitisha mara nyingi. Hapakuwa na ufa.

Nilifurahi, na papo hapo nikamhurumia, na nilijua anayaona yote mawili usoni kwangu. Alikaa chini.

"Kwa hiyo majivu ni uongo," akasema.

"Si uongo, baba. Kwa chuma chako ni kweli. Hiki ni kingine."

"Viko vingapi hivyo vingine?"

"Viko vingi. Kuna..."

Akainua mkono. "Leo tufanye hiki."

Tulizifanya nondo zote, kipande kwa kipande, mimi nikivukuta na yeye akisogeza chuma motoni ili joto lienee. Kazi ilimaliza magunia mawili ya makaa. Wakati kipande cha mwisho kikiwa motoni alisema, bila kunitazama, "Hospitali ile wanaenda watu wa huku."

"Wanaenda."

"Wanazalia pale."

"Ndiyo, baba."

"Nimekitia maji. Nimefanya nilichowakataza watu maisha yangu yote. Sawa. Ila ukikipeleka, waambie kimepita kwenye moto wangu. Usiseme mengi. Hilo tu."

"Nitawaambia," nikasema. Nilisema haraka, kwa urahisi, na nilikuwa nimemaanisha.

Alikataa kubaki. Alisema anataka kuona hizo rodi zinavyofanya kazi, akachukua nyundo yake ndogo yenye kichwa cha mviringo, akaitia kwenye mfuko wa koti, tukapanda basi pamoja kurudi kwangu milimani. Karakanani alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilimpa kioo cheusi cha kuzuia mwanga, naye akakishika mbele ya uso kama mtu aliyealikwa kuangalia sinema. Niliweka mstari wa kwanza, mfupi, kwa umeme mdogo. Kabla sijaweka rodi pembeni alikuwa amekwisha kuanza kugonga, ta ta ta ta, kwa wepesi ambao mimi sina, kila pigo karibu na mwenzake, mpaka mstari ukaacha kujivuta. Kisha akaweka kiganja juu. "Bado." Tukasubiri. Akaweka tena. "Bado." Tukanywa chai. "Haya."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi siku mbili. Sikumbuki siku nyingine nilizofanya kazi vizuri namna hiyo. Siku ya pili alikuja mteja wa Nambis kuulizia simba wake, na baba alimtazama yule simba kwa muda, akaniuliza kwa lugha yetu ni mnyama gani. Nikamwambia ni simba. Akasema, kwa upole, kwamba yeye amewaona simba.

Tulienda hospitali asubuhi, kwa pikapu ya kukodi. Baba alivaa shati lake jeupe. Matroni alikuwa anatusubiri mbele ya tanuri pamoja na yule mama wa usafi. Nilimwamkia, kisha kabla hajauliza kitu nikainua nondo moja mpaka kifuani na kuiachia ianguke kwenye sakafu ya saruji. Ililia kama kengele, ikaruka, ikalala. Mama wa usafi alishika kinywa. Nondo ilikuwa nzima, nami nilikuwa nimevimba kichwa, sina haja ya kuficha.

Matroni alikuja karibu, bega kwa bega na mimi, akainama kutazama mshono.

"Safari hii umefanyaje?" akauliza.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, hatua tatu au nne. Kiswahili chake si kingi, lakini swali hilo alilielewa, maana nilisikia amesogea. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nilikuwa nimeipanga kwenye gari.

"Nilimuuliza mwalimu wangu wa chuo," nikasema. "Akanielekeza namna ya kukipasha na kukipoza."

Hakuna neno la uongo hapo. Matroni akaitikia kwa kichwa na kusema elimu ni kitu kizuri sana. Kisha akageuka, akamwona. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akanirudia mimi: "Na mzee huyu?"

Ng'ambo ya ua kulikuwa na benchi refu lililojaa wazee. Ilikuwa siku ya kliniki ya macho.

"Ni baba yangu," nikasema. "Amekuja kupimwa macho."

Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini. Sikuogopa kupoteza kazi, hakuna fundi mwingine hapa karibu anayegusa chuma kile. Ilikuwa aibu, basi, aibu ya kitoto, niliyodhani nimeiacha chini ya mlima. Matroni alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi na sikutaka kumwona akirudi nyuma hatua zile. Labda asingerudi. Ni mtu wa hospitali, ameshika watu wa kila namna kwa mikono yake. Sikumpa nafasi ya kunionyesha.

Baba alinitazama. Haikuwa kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia matroni, akasema kwa Kiswahili, "Ndiyo. Macho." Akavuka ua polepole, akakaa mwisho wa benchi.

Kupanga nondo kulichukua asubuhi nzima. Kila nilipotoa kichwa tanurini nilimwona. Watu waliitwa, benchi likasogea, naye akasogea, kadi mkononi, koti limeelemea upande mmoja kwa uzito wa nyundo. Hakuna aliyemzuia kuondoka. Ilipofika zamu yake alisimama akaingia. Alipotoka alikuwa na kichupa kidogo, na tulipopanda gari alinionyesha karatasi ili nimsomee. Muuguzi alikuwa ameandika kwamba macho ni mazuri, ila yana wekundu wa moshi. Matone mawili kila jicho, asubuhi na jioni.

Nondo zile ziko tanurini mpaka leo na shimo limefukiwa. Matroni amenisifu kwa watu, na kwa sifa zake nimepata kazi za hospitali mbili nyingine. Baba alikaa kwangu siku kumi na mbili baada ya siku ile. Hakulitaja jambo lile hata mara moja. Alinisaidia kunyoosha plau za Tumati, akala vizuri, akawauliza wateja habari za mvua. Mtu huyu alikuwa anatofautisha wekundu wa udongo na wekundu wa damu kwenye moto mchana kweupe, na macho yake hayakuwahi kumsumbua. Kila asubuhi na kila jioni alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akainua uso, akanikabidhi kichupa, na mimi nikamdondoshea mpaka dawa ikaisha.